Palizi ya Maktaba: Kitabu Kipi ni Gugu?

Mtu wa Bumbuli akikwambia anakwenda kupalilia, humuulizi maana yake. Mahindi na maharage yakishaota, magugu hung'olewa ili mimea ipate nafasi. Makala haya yanahusu palizi ya aina nyingine, yaani kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati katika maktaba ya shule, hasa vitabu vya fasihi. Nitaeleza jinsi kazi hii inavyofanywa, na kwa nini sisi wanafunzi wa uhakiki hatuna budi kuijali.

Wakati wa likizo nilisaidia kupanga maktaba ya shule moja ya sekondari huko Bumbuli. Chumba ni kidogo, ukungu wa Usambara unaingia mpaka ndani, na vitabu vya rafu za chini vilishaota kuvu. Sheria tuliyopewa ilikuwa rahisi: kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka kumi, kitoe. Tukapewa na magunia. Siku mbili tu nilijaza matatu, nikajiona mchapakazi kwelikweli.

Sasa basi, kuondoa vitabu si dhambi. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya tano inasema kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Kinachokua hakiwezi kubeba kila kitu milele. Atlasi inayoonyesha Umoja wa Kisovieti, uliovunjika 1991, au Zaire, iliyobadili jina 1997, inampotosha mtoto wa kidato cha kwanza. Iondoke. Kitabu kilicholiwa na mchwa hadi hakisomeki, nacho kiondoke. Nakala arobaini za kitabu kimoja kisichofundishwa tena zinaweza kupunguzwa zikabaki tatu. Hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi unaanza kwenye fasihi, kwa sababu riwaya haizeeki kwa namna ya atlasi. Chukua mfano wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard iliyotoka 1929. Maudhui yake yanamtazama Mwafrika kwa jicho la mkoloni, hilo halifichiki. Mwenzangu mmoja akasema, "Hiki choma moto, bwana!" Nikamwuliza: tukikichoma, mwanafunzi atajuaje Shaaban Robert alikuwa anaandika katikati ya vitabu vya namna gani alipotoa Kusadikika mwaka 1951? Fikra iliyooza inaweza kubaki kama ushahidi. Nakala moja inatosha, na mwalimu awepo wa kuieleza.

Kigezo cha kuazimwa nacho kina kasoro. Katika shule zetu kitabu cha fasihi huazimwa kwa kuwa kimo katika orodha ya mtihani. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie vilidumu miaka mingi katika orodha hiyo, na nakala zake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Kitabu kikitolewa kwenye orodha, kinaanza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo daftari la kuazima linatueleza mtihani uliuliza nini. Juu ya thamani ya kazi yenyewe, linasema kidogo sana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikaja kufundishwa. Je, kama kila shule ingekuwa imeshaitupa kwa hoja kwamba haiazimwi, ingefundishwa kutoka wapi?

Tutofautishe pia palizi na marufuku. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo, kwa hoja ya maadili. Mtu anaweza kukubali au kukataa, lakini uamuzi ule ulitangazwa na ukajadiliwa. Palizi haina tangazo. Mtu mmoja na gunia lake anaweza kufuta kitabu asijue hata yeye mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Gunia la tatu likiwa mlangoni, mzee anayelinda shule aliinama akachomoa kitabu kisicho na jalada. Akakifunua taratibu, akaniangalia.

"Mwanangu, hiki unakitupa?"

"Shikamoo mzee. Hakijaazimwa."

"Marahaba. Nani atakiazima, na hamkuwaambia kipo? Humu mna Mbegha. Mna Vuga. Mna Bumbuli hii hii unayoikanyaga."

Kilikuwa Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, toleo la 1962, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, nilikitia guniani bila kukifunua.

Simaanishi kwamba kitabu kile kitukuzwe. Mwandishi wake alimtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, kwa hiyo anayatazama mambo kutoka karibu na kiti cha enzi, na mkulima wa kawaida haonekani vizuri. Lakini uhakiki wa namna hiyo hauwezekani kama maandishi yenyewe hayapo.

Kwa hiyo napendekeza maswali manne kabla ya kutia kitabu guniani. Je, kinasomeka? Je, kinapotosha mambo ya hakika, kama ile atlasi? Je, kuna nakala nyingine hapa au shule ya jirani? Je, kinahusu mahali hapa au lugha hii kwa namna ambayo hakuna kingine kinachofanya hivyo? Jibu la swali la nne likiwa ndiyo, kibaki, hata kama hakijaguswa miaka thelathini. Na orodha ya vinavyoondolewa isomwe na watu wawili au watatu, mmoja wao awe mwenyeji.

Magunia yale yalikuwa yanakwenda sokoni, kurasa zikafungie karanga. La pili na la tatu tuliyamwaga sakafuni tukaanza upya, kitabu kimoja kimoja. La kwanza lilikuwa limeshaondoka. Mpaka leo siwezi kukwambia nilitia nini ndani yake.