Maji ya Kahawia Baada ya Mgao

Maji yakirudi Dar es Salaam baada ya mgao, mara nyingi bomba hutema kwanza maji ya kahawia. Rangi hiyo kwa kawaida ni kutu na tope lililotulia ndani ya mabomba, likatibuliwa na kasi ya maji. Kutu yenyewe huharibu mashati meupe kuliko matumbo. La kuogopwa zaidi ni kule kukatika kwa maji: bomba likiwa tupu, uchafu wa nje hupenya kwenye nyufa. Wapo wasemao shabu inatosha kuyasafisha maji hayo. Shabu hutuliza tope, haiui vijidudu. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi kutu. Basi yaache yatiririke mpaka yatakate, ya mwanzo umwagilie maua, na ya kunywa uchemshe hata yakionekana safi. Rangi ikidumu siku kadhaa, toa taarifa kwa mamlaka ya maji.