Uliza Kabla ya Dripu ya Kwanza

Kijana akigundulika na saratani, familia huuliza: atapona? Ni haki yao. Lakini lipo swali la pili, ambalo lisipoulizwa mapema huenda nafasi ikapotea: akishapona, ataweza kupata mtoto?

Si kila tiba huharibu uzazi. Inategemea aina ya dawa, dozi na umri wa mgonjwa. Saiklofosfamaidi, inayotumika sana kutibu limfoma ya Burkitt na saratani ya matiti, ni kati ya dawa zenye madhara makubwa dozi zinapolimbikizana. Mionzi ya nyonga nayo ni hatari. Msichana huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Yakifa hayaoti mengine. Mwanamume hutengeneza mbegu kila siku, lakini seli zinazozizalisha zikiuawa, uzalishaji hukoma.

Kwa mvulana aliyebalehe, kinga ni rahisi. Hutoa shahawa maabara, zikachanganywa na dawa ya kuzilinda na baridi, kisha zikahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Asubuhi moja inatosha. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong alihifadhi zake mwaka 1996 kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Watoto wake watatu wa kwanza walitokana nazo.

Msichana aliyevunja ungo huhitaji takriban wiki mbili: hudungwa sindano za homoni ili mayai kadhaa yakomae pamoja, kisha yanavutwa na kugandishwa. Aliye mdogo zaidi, au ambaye tiba yake haiwezi kusubiri, huweza kukatwa kipande cha ovari kikahifadhiwa. Mwaka 2004, timu ya Profesa Jacques Donnez nchini Ubelgiji ilitangaza mtoto wa kwanza aliyepatikana baada ya kipande kama hicho kurudishwa mwilini mwa mama. Kwa mvulana ambaye hajabalehe, kuhifadhi tishu ya korodani kungali katika utafiti.

Hifadhi hii ina gharama, na si kila hospitali inayo. Hata hivyo, korodani zinaweza kukingwa kwa ngao ya madini ya risasi wakati wa mionzi, na ovari zikasogezwa kwa upasuaji mbali na eneo linalopigwa.

Mzazi, usione haya. Kabla ya dripu ya kwanza, muulize daktari: tiba hii itaathiri uzazi kiasi gani, tunaweza kuhifadhi nini, na tuna siku ngapi?