Usinunue koili kabla ya kupima waya

PIKAPU ya petroli ikitetemeka na kukosa nguvu mlimani, huku mashine ya uchunguzi ikionyesha msimbo P0351, wengi hukimbilia koili mpya. Hata hivyo, msimbo huo hauilaumu koili pekee, bali saketi yake nzima: waya, viunganishi na tarakilishi ya injini.

Katika injini yenye koili moja kwa kila silinda, fundi huzima injini, hubadilisha nafasi za koili ya kwanza na ya pili, kisha hufuta msimbo na kuwasha tena. Ukizuka P0352, koili ndiyo mbovu. Ukirudi P0351, hupima kwa mita iwapo umeme wa volti 12 unaifikia koili, na kutafuta waya uliochubuka au kiunganishi chenye kutu.

Asiyesubiri kipimo hicho huenda akalipia kipuri asichokihitaji na kubaki na hitilafu ileile.