Mwaka Mnono Haukwambii Kama Ni wa Mwisho

Hapa Westerville, siku ya mechi, ukishuka na Cleveland Avenue kuelekea Columbus mjini utakutana na watu wamevaa jezi za Blue Jackets, timu ya hoki ya barafu. Wengi wetu hoki hatuijui. Wanateleza, wanagongana, na hicho kidude wanachokifukuza hata hakionekani. Lakini pesa zao, ndugu yangu, zina somo letu kabisa.

Chukua Steve Mason. Msimu wa 2008–09 alikuwa kipa wa Blue Jackets, kijana wa miaka 20. Alimaliza mechi 10 bila kufungwa hata goli moja, na hakuna kipa mwingine kwenye ligi aliyefikia hapo. Akapewa Calder, tuzo ya mchezaji mpya bora. Basi, mechi 10 kwa msimu hakuzipata tena, na Aprili 2013 akapelekwa Philadelphia.

Wenzetu wa Buffalo wanamkumbuka Ville Leino, kutoka Ufini. Mwaka 2011 Sabres walimpa mkataba wa miaka 6, dola milioni 27, kwa uzuri aliouonyesha alikotoka. Msimu wa 2013–14 alicheza mechi 58. Magoli: sifuri. Wakamlipa ili aondoke.

Mimi hapo namkumbuka Mr Nice. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, harusi gani ilipita bila "Fagilia"? Mtindo wake aliuita Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, na kweli nchi zote tatu zilicheza. Kisha redio zikahamia kwa wengine. Ila mwanamuziki ana nafuu moja: wimbo ukibaki mali yake, unaweza kumletea chochote hata baada ya miaka 20. Mcheza hoki, goti likiisha limeisha. Sisi wa zege na wa kulea watoto wa watu tuko upande wa goti.

Anayeniuma zaidi ni Jack Johnson, beki. Januari 2011 alisaini mkataba wa miaka 7, dola milioni 30.5, akiwa Los Angeles. Mwaka uliofuata akaletwa Columbus. Oktoba 2014 akaenda mahakamani hapahapa kutangaza kwamba amefilisika: mali chini ya dola 50,000, madeni zaidi ya milioni 10. Gazeti la Columbus Dispatch liliandika kwamba aliwaachia wazazi wake usimamizi wa fedha, na ikachukuliwa mikopo ya riba kubwa kwa kutegemea mshahara ambao alikuwa bado hajaupata.

Rudia hapo: mshahara ambao hajaupata. Si ndiyo sisi? Mwezi wa ovataimu unatuma mara mbili, nyumbani wanajua ndiyo kawaida yako. Mdogo wako anachukua mabati dukani kwa jina lako, "kaka yuko Marekani, mwisho wa mwezi analeta." Halafu baridi inaingia, saiti inafungwa. Au mama mwenye nyumba anasema watoto wameanza shule, njoo siku tatu tu kwa wiki. Hata makubwa huyumba: kiwanda cha Intel hapo jirani kilitangazwa 2022 kwamba kingeanza kazi 2025, Februari 2025 kampuni ikasema ni 2030 au 2031. Aliyekopa akihesabu kazi ya pale sijui anajibu nini benki.

Johnson aliendelea kucheza, wadai wakikata mshahara wake, na 2022 akabeba Stanley Cup na Colorado. Alikuwa na mshahara wa kumtoa shimoni. Dada anayelea watoto Louisville hana.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla hujapiga simu nyumbani, toa karatasi za mshahara za miezi 12. Tafuta mwezi uliopata kidogo kuliko yote, toa kodi ya nyumba na chakula, kinachobaki ndicho cha kuahidi. Cha ovataimu kiweke akaunti nyingine, na kiasi chake usikitaje kwenye simu. Na kama kuna karatasi inayomruhusu mtu kusaini kwa niaba yako, hata awe mama mzazi, muulize amesaini nini mpaka leo. Atanuna. Muulize tu, kwa upole, na umwombe akutumie picha za hizo karatasi.