Kabla ya Kuihukumu Kompyuta ya Betri

Gari la haibridi limewasha taa za onyo na kukataa kuondoka. Fundi anachomeka mashine, anasoma msimbo U0111, na papo hapo mwenye gari anaambiwa anunue kontroboksi, yaani kompyuta, ya betri. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka mno. U0111 husema tu kwamba kompyuta nyingine za gari zimeiita ile ya betri na hazikujibiwa. Huenda imeungua kweli, lakini huenda pia haipati umeme, au waya wa kuifikia umekatika.

Katika Toyota Prius ya 2004 hadi 2009, betri kubwa ina moduli 28 za volti 7.2 kila moja, jumla volti 201.6. Kompyuta yake hupima volti za jozi 14 za moduli, joto na mkondo, lakini yenyewe huendeshwa na betri ndogo ya volti 12. Betri hiyo ikichoka, au ethi ikishika kutu, kompyuta nzima hunyamaza. Basi uchunguzi uanzie kwenye betri ndogo, fyuzi na ethi.

Kisha zifuate nyaya za mawasiliano. Mfumo wa CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986, hutumia nyaya mbili zilizosokotwa, zenye kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Chomoa betri ndogo, upime kati ya pini 6 na 14 za soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Omu 60 hivi ni dalili njema. 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Mita ya kawaida inatosha, na mteja anastahili kipimo hiki kabla ya kutajiwa bei yoyote. Umeme, ethi na nyaya vikiwa sawa, hapo ndipo kompyuta ishukiwe.

Msimbo P0A80, unaodai betri kubwa ibadilishwe, nao huweza kudanganya. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli huota kutu ya kijani, kompyuta ikasoma volti pungufu. Kuvifikia ni kazi ya hatari: vaa glavu za umeme mkubwa, chomoa plagi ya usalama, subiri dakika 10 kapasita zitoe chaji, ndipo uguse nyaya za rangi ya chungwa. Vikishasafishwa na kurudishwa, soma tena volti za jozi zote 14 gari likiwa linavuta mzigo. Inayoporomoka peke yake ndiyo mbovu.