Kuni, Maji na Mvuke: Jinsi Kenya Ilivyobadili Nishati Yake

Kabla ya reli, nchi inayoitwa Kenya leo iliishi kwa kuni, misuli na upepo. Kuni zilipika na kuwapasha watu joto katika nyanda za baridi. Mizigo ilibebwa na wapagazi na punda. Pwani, kaskazi na kusi zilisukuma majahazi kati ya Lamu, Mombasa na Arabuni. Makaa yalitumiwa zaidi na wahunzi, waliohitaji moto mkali wa kufulia chuma.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 haikuiondoa nchi kwenye kuni. Kinyume chake, iliziongezea kazi, kwa kuwa vichwa vya treni navyo vilichoma magogo, na kwa wingi ambao misitu ya kandokando isingeustahimili. Ndiyo sababu mikaratusi ikaletwa mwaka 1902. Mti huo, ambao sasa umezoeleka katika mashamba ya nyanda za juu hata ukadhaniwa ni wa kienyeji, uliingia Kenya kama chakula cha treni.

Umeme ulipitia mlango wa Zanzibar. Sultani Barghash alikuwa na jenereta iliyowasha taa za kasri lake na mitaa ya jirani, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua ili kuuangaza mji wake. Mwaka huohuo kibali cha kuuza umeme kikatolewa Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Kwa miongo mingi huduma hiyo ilibaki ya mjini, tena ya mitaa ya wenye nafasi. Kwingineko usiku ulikuwa wa koroboi na mafuta taa.

Mahitaji yalipokua, nchi ilitazama mito. Kwanza ilinunua umeme wa jirani: bwawa la Owen Falls huko Jinja, Uganda, lilizinduliwa mwaka 1954, na waya zikavutwa hadi Nairobi. Baada ya uhuru zamu ikawa ya mto Tana. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, kila bwawa la chini likitumia tena maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya bwawa la juu yake. Ulikuwa mpango wa busara, lakini ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mabwawa hayo yote yalitegemea mvua ileile.

Mvua hiyo ilipokosekana mwaka 1999 na 2000, udhaifu huo ulionekana wazi. Umeme ukagawiwa kwa zamu, viwanda vikasimama kwa saa nyingi, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa bei iliyomuumiza kila mlipaji. Mwaka 2009 maji yalipungua tena hata mitambo ya Masinga ikazimwa. Ukame ndio uliofanya kazi ambayo hotuba nyingi za sera zilishindwa kuifanya, yaani kuigeuza nchi macho kutoka mtoni na kuyaelekeza ardhini.

Huko ardhini hazina ilikuwa inajulikana zamani. Katika Bonde la Ufa ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, na miamba yenye joto kali iko karibu na uso kuliko kwingine. Maji yanayopenya kwenye nyufa huchemka humo. Kisima kikichimbwa kina cha kilomita mbili au tatu, mvuke hupanda kwa nguvu ya kutosha kuzungusha mtambo, na maji yanayobaki hurudishwa chini. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, lakini vilikatisha tamaa. Ilichukua hadi mwaka 1981 kwa megawati 15 za kwanza kupatikana. Kisha kasi ikawa ndogo, hadi shinikizo la ukame lilipozidi. Mwaka 2014 kituo cha Olkaria IV kilifunguliwa kikiwa na megawati 140, na sasa mvuke huipa Kenya zaidi ya sehemu 4 kati ya kila 10 za umeme unaozalishwa nchini. Hakuna nchi nyingine ya Afrika inayoukaribia uzalishaji huo. Wakenya wengi huuita umeme stima, neno lililokuwa jina la meli ya mvuke. Leo jina hilo limepata ukweli wake.

Mafanikio hayo yana gharama ambayo haifai kufichwa. Familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Huko Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na upepo uliokuwa ukisukuma majahazi ukarudi kazini. Lakini mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Makaa ya mawe yalishindwa kuingia: leseni ya kituo kilichopangwa kujengwa Lamu ilifutwa mwaka 2019 baada ya wakazi kupinga.

Kwa hesabu ya umeme peke yake, Kenya ni mfano wa kujivunia, kwa sababu takriban asilimia 90 hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Hata hivyo umeme ni sehemu ndogo tu ya nishati ya taifa, na jikoni mabadiliko yamekwenda polepole mno. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta nusu ya kaya zikiangaziwa na umeme, lakini asilimia 55 zilipikia kuni na karibu asilimia 12 zilipikia makaa. Gesi ya mitungi ilikuwa na asilimia 24. Kaya zilizopikia umeme hazikufika hata 1 kati ya 100.