Moshi ya mbabula hauonekani mu telefoni

Mu kambi ya Gécamines kwenye nilikomalia, mama hakuuliza jirani kama amekula. Aliangalia moshi. Kama saa kumi na moja ya mangaribi imefika na mbabula ya jirani haijatoka inje, alijua. Siku hiyo alisonga bukari kubwa kupita ya kila siku, akafunika kipande mu sahani ya buluu, na mtoto mmoja akatumwa kuipeleka kwa nyuma ya lupango, juu watu wa njiani wasione. Sahani haikurudi bure: siku ingine ilirudi na karanga, ao lengalenga, ao samaki ya Kasenga.

Tabia hiyo haikuanguka toka mbinguni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na wanaume waliokuja kuitumikia walitoka mbali: Kasai, Luapula, Rhodesia, Rwanda na Urundi. Wengi walikuja peke yao, na kampuni iliwapa posho. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutafuta watumishi wa kudumu, wakae kambini na wake na watoto wao, na posho ikahesabu jamaa yote. Watu waliozoea bukari ya muhogo ao ya mtama wakajikuta wote na unga ya muhindi.

Wazee wanaposimulia siku ya posho, wanasimulia watu mbele ya chakula. Kwa mstari wanawake walijua nani amezaa, nani amefiwa, binti ya nani anaposwa. Pale ndipo Kiswahili chetu kilipikwa, pamoja na mboga: huyu alifundisha wenzake kuponda sombe, mwengine kikanda, mwengine munkoyo. Wanaume walikula ku barza, mkono wa kila mtu mu bukari moja, na mpita njia aliitwa anawe. Tusipambe sana: posho ilikuwa pia kamba ya kampuni. Aliyefukuzwa kazi alipoteza nyumba na unga kwa siku moja.

Mwaka 1967 serikali ikachukua kampuni, na nyuma ikaitwa Gécamines. Unga iliendelea. Lakini Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na miaka iliyofuata mishahara ikakawia miezi na miezi. Watu wakaazima neno la umeme: délestage. Leo watoto wanakula, kesho wakubwa. Nilicheka neno hilo nikiwa mtoto. Sikujua kwamba mama alikuwa upande wa wasiokula. Halafu, mwaka 2003, ikaja ile tunayoita DV, départs volontaires, na watu zaidi ya 10,000 wakaacha kampuni.

Telefoni za mkono zilienea miaka ile ile. Vodacom ilianza Congo mwaka 2002. Posho ilitoka kwa mlango mmoja, telefoni ikaingia kwa mwengine.

Leo baba anakula mu base-vie, wali na kuku mu plato, anapiga foto na kuituma nyumbani. Mtoto wa kwanza anakula saa nane akiangalia video, wa pili saa kumi na mbili, mama anakula mwisho, amesimama. Mchimbaji wa carrière ananunua bukari yake kwa mama mwenye sufuria kando ya shimo, na jioni anatuma franka kwa M-Pesa. Bila franka hizo nyumba nyingi za Kolwezi na Likasi hazingepika, hilo nalisema bila aibu. Na mwaka 2024, ukame ulipopiga Zambia na unga ikakuwa ngumu kwetu, ni mu telefoni wanawake waliambiana bei na fasi ya kuipata. Kambi yetu ina grupu ya WhatsApp. Mtu akifa, kabla jua halijashuka makuta imechangwa, hata toka kwa wale walioko Ulaya, na sufuria kubwa ziko ku kilio.

Lakini mwaka uliopita tulipata haya. Mjane mmoja wa mtu wa DV, jirani yetu wa zamani, alikuwa mu grupu. Kila asubuhi alijibu salamu: «Amina, niko muzuri.» Tulimjibu na vidole gumba. Siku moja mama alipita kwake kuomba tu mbegu ya lengalenga, akakuta mbabula imejaa majani makavu na utandabui. Siku tano alikuwa anakunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa bila sukari. Statu zetu zote za michopo na keki za anniversaire alikuwa amezitazama; jina lake lilikuwa pale, kati ya walioona.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Alinishangaa: «Mwana, njala inaandikwa namna gani mbele ya watu mia mbili?»

Tangu hapo mama, mwenye magoti mabaya, anatembea lupango kwa lupango kila mangaribi. Vijana wanamwambia apige simu, ni rahisi. Juzi alinituma nimnunulie uniti, nikafikiri wamemshinda. Akaniambia niandike mu grupu, na niandike kwa herufi kubwa: SAHANI YANGU YA BULUU IKO KWA NANI?

Watu watatu walijibu kwamba iko kwao.